Simu ya Goti la Sosaia

Losaline Vehikite hapendi raga. Miaka thelathini na mitano ameishi Mount Druitt, magharibi ya Sydney, katikati ya watu ambao wakiamka wanazungumza raga na wakilala wanaiota, na mpaka leo hajaelewa kwa nini mpira urushwe nyuma ilhali kila mtu anataka kwenda mbele. Uwanjani huenda, kwa kuwa watoto wa wadogo zake hucheza. Hukaa kwenye kiti chake cha kukunja, hujifunika blanketi magotini, na kipindi cha pili kikianza huwa ameshasinzia. Matokeo huambiwa njiani wakati wa kurudi, naye husema, "Haya," awe mtoto kashinda au kafungwa.

Lakini muulize msaka vipaji yeyote aliyewahi kukanyaga viwanja vya magharibi ya Sydney na kamera yake na daftari lake, atakwambia hakuna mtoto wa ukoo ule anayetoka bila neno la Losaline. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na wa kike peke yake, juu ya wanaume watano. Kwa Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki walikotoka wao, hilo halihitaji mjadala. Baba anaweza kuwa na nyumba, lori na sauti nene, ila kwenye mambo ya watoto wake dada yake ndiye mkubwa, na shangazi akishasema, limesemwa. Wadogo zake watano wamezaa watoto ishirini na wawili. Losaline hakujaliwa mtoto, kwa hiyo hesabu yake ni hiyohiyo ishirini na wawili.

Alifika Australia akiwa na miaka kumi na tisa. Alianza kwenye kiwanda cha kuku, kisha akahamia kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali, na huko hajatoka. Anasimama kwenye mashine ya kukunjia kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana. Akirudi nyumbani hupika, na akishapika huwa tayari kusikiliza wageni. Wasaka vipaji wamepita kwenye kochi lake wa kila namna. Kuna waliokuja na fulana za klabu, kuna waliokuja na keki, na kuna mmoja alikuja na mchezaji maarufu ili amtishe kidogo. Losaline akamuuliza yule maarufu kama ameshakula, akamlisha, akamrudisha alikotoka.

Na wale si wajinga, tuwape haki yao. Wanajua kazi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu wanampima akiwa amesimama, wanampima tena akiwa amekaa, wanamtazama kifundo cha mguu, halafu wanageuka kumtazama mama yake mabega, ndipo wanaandika. Glenn Purtell, anayekuja mbele katika habari hii, hata mpira hakuwa akiutazama. Alikuwa anamtazama mtoto baada ya kukosea: anarudi kwenye nafasi yake akikimbia, au anarudi akitafuta wa kumlaumu. Kwa kipimo hicho ameokota vijana wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kwa kipimo hichohicho alimwokota Sosaia.

Sosaia ni mtoto wa mdogo wake Losaline wa pili, yule aliyefia Tonga. Mwaka 2013 alikuwa na miaka kumi na tisa, upana wa mlango, mpole hata nzi alimpisha. Glenn alikaa kwenye kochi, akala magimbi, akala nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui ndani ya majani, akasifu. Losaline akamuuliza swali moja tu.

"Akiumia, nani atanipigia?"

"Mimi mwenyewe, Mama."

"Andika."

Glenn akaandika namba yake nyuma ya kitabu cha nyimbo za kanisa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Losaline akasema neno, Sosaia akaenda zake, mwendo wa saa mbili kwa ndege. Mwezi wa nane, mazoezini, bila hata kuguswa na mtu, goti likapasuka. Klabu ikalishona. Mwezi wa kumi na moja klabu ikamwandikia barua ya kumshukuru kwa mchango wake. Simu haikuja, na Sosaia mwenyewe hakutaka kumtia shangazi yake hofu. Losaline alijua habari yote siku aliyofungua mlango akamkuta kijana amesimama na magongo, ametoka kupanda basi usiku kucha na mchana, mguu umevimba. Alipompa chai na kumlaza ndipo akafungua kitabu cha nyimbo akapiga ile namba. Haitumiki. Akapiga kesho yake. Haitumiki. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akiipiga, si kila siku, mara mojamoja tu akikumbuka. Namba ya kwake mwenyewe, ile simu ya ukutani jikoni yenye waya mrefu, hajaibadilisha tangu 1996, ili asitokee mtu wa kusema alimtafuta akamkosa.

Sasa Alhamisi moja ya mwaka jana, Glenn akarudi. Klabu nyingine, fulana nyingine, shida ileile. Safari hii alimtaka Lisiate, mtoto wa mwisho wa Feleti, na Feleti ndiye mdogo wa mwisho wa Losaline. Lisiate ana miaka kumi na saba na kilo mia na kumi na mbili. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kunyanyua vyuma, anakula mayai sita, na akimwangusha mtu humwinua na kumpangusa majani. Kijana anaitaka raga mpaka inamuuma. Glenn alimtazama mechi nne, akamwona amekosea mara mbili, na mara zote mbili alirudi mbio. Ikatosha.

Losaline alikuwa kazini. Feleti alijua vizuri kwamba dada yake akimwona Glenn tu, jibu ni hapana, na jibu la dada halijibiwi. Akafikiri kama mwanaume anavyofikiri akiwa na haraka: jambo likishakwisha, litakuwa limekwisha. Akaweka mkataba juu ya boneti ya gari, akatia sahihi, wakapeana mikono. Kwa sheria ya Australia, mtoto akiwa hajafika miaka kumi na nane, sahihi ya baba inatosha kabisa.

Jumamosi Losaline alikuwa dukani akichagua magimbi. Mke wa mchungaji akamjia mikono wazi.

"Hongera mama! Lisiate anaondoka Jumatano! Mungu ni mwema!"

"Ni mwema," akasema Losaline. Akaongeza gimbi moja kwenye kikapu, akalipa, akaenda nyumbani.

Hakumpigia Feleti. Hakupaza sauti. Hakumwambia mtu lolote, lakini jioni ile simu za ukoo zililia kutoka Mount Druitt mpaka Auckland, na kila aliyepokea alisema maneno yaleyale: "Bila dada? Feleti amerogwa?" Kijana mwenyewe aliposikia, akafungua begi lake lililokwishafungwa, akaanza kurudisha nguo kabatini.

"Unafanya nini?" baba yake akauliza.

"Shangazi hajasema."

"Mimi nimetia sahihi, wewe!"

"Nimesikia, baba. Lakini shangazi hajasema."

Feleti akampigia Glenn. "Bwana, mambo yameharibika. Njoo kesho baada ya kanisa. Usije na keki."

Glenn alikuwa na sababu yake ya kuja. Klabu ilikuwa imemwambia wazi: nafasi ni moja, Jumatano mtoto awe uwanja wa ndege, asipokuwepo tunachukua wa pili kwenye orodha, na wewe tutakaa tuzungumze. Mtu wa miaka sitini na mbili akiambiwa watakaa wazungumze, huwa anajua mazungumzo yenyewe.

Jumapili, basi. Feleti alifika kwa dada yake amevaa mkeka kiunoni, ule wa heshima, umefungwa kwa kamba ya nywele za bibi yao. Mbele yake alisukuma nguruwe mzima aliyeokwa, juu ya toroli ya kubebea saruji iliyooshwa. Akakaa chini sakafuni karibu na mlango, macho chini. Lisiate akakaa nyuma yake, akaziba mlango wote. Glenn alipotokea, Sosaia ndiye aliyempokea. Sosaia sasa ana miaka thelathini, anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani, anaishi chumba cha nyuma kwa shangazi yake. Hakusema kitu zaidi ya "karibu." Akaleta mkeka, akamfunga Glenn kiunoni kama mtu anayemfunga mtoto aproni, kisha akamwonyesha sakafu. Glenn ana nyonga mbili za chuma, zawadi ya ujana wake uwanjani. Alishuka kwa awamu, akishika kiti, akishika meza, na mwisho akashika bega la Lisiate.

Losaline alikuwa juu ya kiti chake. Akawaacha wakae kidogo.

"Dada," Feleti akaiambia sakafu, "nimekosa."

"Umefanya nini?"

"Nimetia sahihi."

"Wapi?"

"Kwenye boneti ya gari."

"Gari la nani?"

"La Glenn."

Losaline akatikisa kichwa polepole, kana kwamba lingekuwa gari la mtu mwingine kosa lingepungua. "Nguruwe ni mzuri," akasema. "Nimekusamehe. Nyamaza sasa."

Glenn akadhani limekwisha. "Mama, mimi nilikuja Alhamisi, ila hukuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nilibisha hodi, mama, nyumba..."

"Nilikuwa kazini. Mtu akiwa kazini yupo."

Akanyoosha mkono, Sosaia akampa kitabu cha nyimbo. Akakifungua nyuma, akamkabidhi Glenn. "Huo mwandiko wa nani?"

Glenn akavaa miwani. Ilimchukua muda, ingawa tarakimu zilikuwa kumi tu. "Wangu."

"Piga."

"Mama, hii namba..."

"Piga, tusikie wote."

Akatoa simu yake, akapiga. Sauti ya mwanamke mpole ikaijaza sebule, ikaeleza kwamba namba hiyo haitumiki.

"Labda umekosea," akasema Losaline. "Rudia."

Akarudia. Yule mwanamke akaeleza tena, kwa upole uleule. Lisiate alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Feleti alikuwa anaomba, midomo inacheza.

"Mimi huyu mama nimemzoea," Losaline akasema. "Miaka kumi na moja tunazungumza. Sasa na wewe sema."

Glenn akavua miwani. "Klabu waliniambia nisipige mpaka mambo ya bima yaishe. Yalipoisha nilikuwa nimeshahama, niko klabu nyingine. Nikaona aibu. Halafu akina mama walikuwa wananipigia, mchana, usiku, kila mmoja na mwanawe. Nikabadilisha namba."

"Akina mama wangapi uliwaahidi kupiga?"

"Sijui. Wengi."

"Na mashangazi?"

"Mmoja."

Kusema kweli Losaline aliumia. Alikuwa amejitayarisha kwa uongo. Kwa uongo alikuwa na maneno miaka mingi, ameyakunja vizuri kama mashuka yake. Kwa ukweli hakuwa na neno hata moja, ikabidi atafute.

"Hukusema utakuja," akasema mwishoni. "Ulisema utapiga simu. Nenda kapige."

"Nimpigie nani?"

"Sosaia."

Glenn akamtazama Sosaia, aliyekuwa amesimama mbele yake na trei ya vinywaji. "Lakini yuko hapa, mama."

"Simu hapigiwi mtu aliye mbele yako. Toka nje. Lisiate, mpe namba."

Kuinuka kulimchukua Glenn muda mrefu kuliko kushuka. Akatoka kupitia mlango wa jikoni, mkeka ukiwa bado kiunoni, Lisiate akimtajia namba nyuma yake, maana watoto wote wa ukoo ule huijua namba hiyo kabla hawajajua jina la mtaa. Akasimama pale kwenye mti wa chuma wa kuanikia nguo, katikati ya mashuka ya Losaline. Kupitia dirishani walimwona wote.

Simu ya jikoni ikalia.

Sosaia hakusogea. Ikalia, ikalia, ikanyamaza.

"Sosaia, simu," akasema Losaline.

"Naisikia, shangazi."

Ikalia tena. Sosaia alikuwa bado ameishikilia trei ya vinywaji. Lisiate akaichukua taratibu, akabaki nayo yeye. Ikanyamaza mara ya pili. Nje, Glenn aliitazama simu yake, akalitazama dirisha, akabonyeza tena.

Mara ya tatu Sosaia akapokea.

"Haloo."

Waliokuwa ndani walisikia upande mmoja tu.

"Ndiyo. Mimi."

Akasikiliza, akizungusha waya wa simu kidoleni.

"La kushoto... Hapana, la kushoto. La kulia ni nyinyi mliandika kwenye fomu."

Akahamishia uzito mguu wa kulia.

"Baridi ikija. Na ngazi... Foklifti. Hapana, nakaa, ni kazi ya kukaa."

Halafu akageukia ukuta, mgongo wake ukaziba simu na kila kitu. "Pale kituo cha basi nilikaa muda wa saa nne hivi. Mabasi mawili niliyaacha yapite. Nilidhani utakuja hata kuniaga tu."

Feleti akauma mkono wake. Losaline alikuwa ameukazia macho ukuta wa upande mwingine, ambako hakukuwa na kitu ila kalenda ya bucha. Nguruwe akapoa, mafuta yakaganda, na hakuna aliyethubutu hata kumfukuza nzi. Dakika kama arobaini zilikwenda hivyo. Mara moja Sosaia alicheka, kicheko kifupi. Mara moja akauliza, "Na wewe hizo nyonga?" na akasikiliza jibu mpaka mwisho.

Alipokata simu aliuacha mkono wake hewani kidogo, kisha akaushusha.

"Kasemaje?" akauliza Losaline.

"Kauliza goti."

"Basi?"

"Basi. Na analia."

"Analia wapi?"

"Si pale kwenye kamba, shangazi, humwoni?"

Losaline akageuka, akatazama. "Asifutie kwenye shuka langu," akasema. Lakini hakuna aliyetumwa kwenda kumwambia.

Akamtazama Lisiate, aliyekuwa bado ameshika trei kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka kama yuko mazoezini. Akamrudia Sosaia. "Na huyu? Wewe ndiye uliyekwenda. Aende?"

Wote walijua jibu la mtu aliyerudi na magongo lingekuwa nini. Feleti alishafumba macho.

"Aende," akasema Sosaia.

"Na goti lako hilo?"

"Hata mimi ningeenda tena, shangazi. Kesho asubuhi."

Neno hilo lilimchoma Losaline kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo. Miaka kumi na moja alikuwa anamtunza kama mtu aliyeibiwa, anampikia, anamkanda goti kwa mafuta ya nazi wakati wa baridi, anawatukana watu wa klabu kwa niaba yake. Hakuwahi kumuuliza kama angetaka kurudi. Aliona haya, na haya si kitu alichokizoea. Akajitengeneza blausi kidogo.

"Lisiate."

"Naam, shangazi."

"Nenda. Shule uimalize hukohuko. Na uweke hiyo trei chini kabla hujanivunjia gilasi."

Kijana akaiweka chini, halafu kilo zake zote mia na kumi na mbili zikaanza kulia kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Feleti naye akaanza. Losaline akasema wanaume wa ukoo huu wana maji mengi, kisha akamwita Glenn aingie, akamwonyesha sakafu, akampa kitabu cha nyimbo na kalamu. Glenn akaandika namba mpya chini ya ile ya zamani. Alipotaka kuikata ile ya zamani kwa mstari, Losaline akakishika kitabu.

"Iache," akasema. "Tule sasa, imepoa."

Lisiate aliondoka Jumatano. Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, mashine za kiwandani ziliposimama kwa mapumziko, Losaline alitoka nje, akakaa juu ya gunia la mashuka machafu, akapiga.

"Glenn hapa. Kuna nini, mama? Mtoto mzima, nimemwona jana, ana..."

"Najaribu tu," akasema Losaline, akakata.

Amefanya hivyo kila Jumatatu tangu siku hiyo. Glenn amepokea akiwa kwenye jukwaa la uwanja, akiwa kwa kinyozi, na mara moja akiwa kwa daktari, nyonga moja iko wazi. Siku hizi hata haulizi kuna nini. Anasema, "Nipo, mama," na kabla simu haijakatwa anauliza goti la Sosaia linaendeleaje.